Dada wa Tanga aliponyamaza

Tulikuwa tunacheza PUBG Mobile, mchezo wa simu wa kupigana kwa bunduki ambao timu ya mwisho kubaki hai ndiyo inayoshinda. Tulikuwa tumebaki watu tisa katika ramani nzima ya Erangel, na wanne kati ya hao tulikuwa sisi. Zoni ya mwisho, lile eneo salama linalozidi kupungua, ilikuwa imeangukia shamba la ngano kusini ya Pochinki, mahali pasipo na ukuta wala mti wa kujibanza. Unalala kifudifudi kwenye majani na kusubiri. Mimi nililinda barabara. Chuma alikuwa mbele yangu na bunduki ya AWM aliyoitoa kwenye sanduku lililodondoshwa na ndege. Mwalimu alijificha nyuma ya gari lililopasuka matairi. Dada wa Tanga alikuwa kushoto, na kushoto kote kulikuwa kwake.

Risasi zikatoka kushoto. Chuma akaanguka. Mwalimu akachomoka nyuma ya gari mbio kwenda kumwinua, akaangushwa palepale, kisha zamu ikawa yangu. Dada wa Tanga alijibu kwa risasi chache, naye akamalizwa. Chuma alitoa tusi ambalo siwezi kuliandika, akatoka bila kuaga. Ilikuwa karibu saa sita usiku, mwaka 2021, na mimi nilikuwa nimekaa kitandani Mbagala, simu imechemka mkononi kama pasi.

Asubuhi, kabla sijafungua kibanda changu cha uwakala, nilimtumia Dada wa Tanga ujumbe wa sauti. Nilitaka kujua kama mtandao wake uliganda. Alinijibu kwa sauti ya chini, nyuma yake nasikia watoto wanajiandaa kwenda shule.

"Mtandao ulikuwa mzima, kaka. Niliwaona. Walikuwa wawili, wanatambaa. Nikawa natazama namba kwenye dira, nihakikishe, nihakikishe tena. Nilipokuwa tayari kusema, mlikuwa mmeshakwisha."

Asiyecheza PUBG Mobile anahitaji kujua kitu kimoja hapa. Juu ya kioo cha simu kuna dira inayozunguka kadiri unavyogeuka, yenye namba za nyuzi kama dira yoyote. Ukiona adui, husemi "yuko pale" wala "yuko karibu na mti", kwa sababu miti ni mingi na kila mtu anatazama upande wake. Unasema namba: 240, 15, 310. Wenzako walio karibu nawe wanageukia namba hiyo hiyo na bunduki nne zinaelekea mahali pamoja. Kati ya sisi wanne hakuna aliyekuwa na macho na masikio kama ya Dada wa Tanga. Alikuwa anavaa hedifoni, anazima feni ya chumbani kwake ili asikie nyayo, na anatutajia namba hata kabla hatujaona kitu. Mechi nyingi tulizoshinda zilianzia mdomoni mwake.

Siku mbili kabla ya usiku ule wa shamba la ngano alikosea. Alisema 60 badala ya 160. Chuma akageukia 60, akapigwa mgongoni. Chuma akamwambia, sote tukisikia: "Wewe dada, kama kuhesabu kulikushinda shuleni, funga mdomo tucheze tunaojua." Mwalimu alicheka kile kicheko cha kutaka jambo lipite. Na mimi nikasema, "Haya jamani, twendeni nyingine."

Sikusema kingine chochote. Nimerudia hiyo sentensi kichwani mwangu miaka kadhaa sasa.

Nieleze kwa nini nilinyamaza, maana si kwamba sikuona ubaya wake. Chuma alikuwa mkali kweli. Watu wanaosema mchezaji hodari mwenye mdomo mchafu hana faida hawajawahi kuwa timu moja naye. Kijana wa miaka 22, simu yake ya kawaida tu, kioo kina ufa pembeni, lakini AKM mikononi mwake ilikuwa inatulia. Bunduki ile inaumiza sana ila inaruka, na wengi wetu tunaikimbilia M416 iliyo laini. Yeye alitumia jairo, kihisi cha simu kinachofuata mwendo wa mkono, anaishusha simu yenyewe taratibu kadiri bunduki inavyopanda, na risasi zote zinaingia tundu moja. Alijua zoni itakapoelekea. Tukiwa kwenye kisiwa cha kambi ya jeshi, alijua dakika ya kuondoka kabla ya wajanja kuziba madaraja mawili ya kurudi bara. Nilikuwa ngazi ya Platinamu nilipokutana naye. Kwa muda wa wiki kama tano nilipita Almasi, nikaingia Taji, na pointi zangu zikafika 4,090. Ngazi ya Ace inaanza kwenye 4,200. Nilikuwa naiona. Nilipokuwa nahesabu pesa za wateja mchana, akilini nilikuwa nahesabu pointi 110.

Kwa ajili ya hizo 110 nilimwacha dada wa watu atukanwe.

Na Mwalimu ndiye aliyetukanwa zaidi. Alikuwa na miaka 48, anafundisha shule ya msingi huko Morogoro, mchezo alifundishwa na mwanawe wa kwanza. Kila tukikutana lobi, pale pa kusubiri mechi, Chuma alimwamkia, "Shikamoo Mwalimu," na Mwalimu akaitikia, "Marahaba baba." Dakika kumi baadaye Chuma huyohuyo alikuwa anamwita boya, mzigo, mzee usiye na macho. Sisi tuliokulia kwetu tunajua uzito wa shikamoo. Kuitoa, kisha kumtukana uliyempa kabla chai haijapoa, ni jambo ambalo mtaani lingewafanya watu wasimame. Mtandaoni tuliliacha. Mwalimu alicheka, na kicheko chake kilinipa kisingizio: kama mwenyewe anacheka, mimi nani niumie?

Baada ya ule ujumbe wa asubuhi nilianza kuutazama upya usiku wa shamba la ngano, na nikaona kitu ambacho mwanzoni hakikunijia. Dada wa Tanga alinyamaza kwa sababu ya tusi la 60. Lakini na Mwalimu je? Kwa nini alikimbia kumwinua Chuma kwenye uwanja wazi, wakati kumwinua mtu kunachukua sekunde 10 na adui anatazama? Kwa sababu jana yake alichelewa kumwinua, akaambiwa maneno. Safari hii alitaka asichelewe. Makosa yote mawili yaliyotuua, la kunyamaza na la kukimbia, yalitengenezwa siku za nyuma na ulimi wa mtu mmoja. Yeye mwenyewe hakukosea lolote usiku ule. Alilala vizuri, alishika bunduki nzuri, na angetazama takwimu za mwisho wa mechi angesema kama alivyosema: nimekufa kwa sababu ya nyinyi.

Kuna na lingine. Tulikuwa tumeacha kufikiri. Tunatua anapotua, tunapanda gari analopanda. Siku akitangulia kufa, sisi tuliobaki tulikuwa kama vifaranga mama yao kachukuliwa na mwewe, kila mmoja na kichaka chake. Nilikuwa na pointi 4,090 na sikuweza kuongoza mechi moja kutoka mwanzo hadi mwisho.

Nilimpigia simu Chuma. Niliongea kwa upole, nikamwambia dada ameacha kutaja namba, tunapoteza masikio ya timu. Hakukasirika. Aliniuliza tu, "Kaka, unataka kushinda au unataka kubembelezana?" Nilishindwa kumjibu. Kesho yake alijitoa kwenye grupu la WhatsApp, akaenda kwa watu wengine, na msimu ule akafika Ace.

Jibu lilinijia baadaye, nikiwa nakumbuka fainali ya Dota 2, mchezo wa kompyuta wa timu za watu watano, niliyoitazama kwenye simu mwaka 2018. Dota siichezi, naipenda kwa kuitazama. Mwezi Mei mwaka ule timu ya OG iliachwa na wachezaji wawili, Fly na s4, waliohamia timu ya Evil Geniuses, na Fly alikuwa amecheza miaka mingi na mwenzake wa OG, Johan Sundstein anayejulikana kama N0tail. Waliobaki walijikusanya. Kocha wao, Ceb, akakaa kwenye kiti cha mchezaji. Wakamchukua Topson, kijana wa Ufini aliyekuwa bado hajawahi kucheza jukwaa kubwa kama lile, na mchezaji wa Australia anayejiita "ana", aliyekuwa amepumzika, akarudi. Wakaanzia chini kabisa, mchujo wa wazi ambao timu yoyote inaweza kuingia. Mwezi Agosti, Vancouver, wakaifunga PSG.LGD ya China 3 kwa 2 na kuchukua ubingwa wa dunia. Mwaka uliofuata, Shanghai, wakauchukua tena, na hakuna timu iliyokuwa imewahi kuuchukua mara mbili.

Sitaki kudanganya kwamba walishinda kwa kupendana tu. Wale ni watu wenye vipaji vya kutisha. Lakini nilikumbuka nyuso zao walipokuwa nyuma, mchezo unawaendea vibaya: wanaongea. Wote watano, midomo inatembea, wanaelekezana, wanacheka hata. Sisi tukiwa nyuma, kwenye maiki palikuwa na sauti moja tu, na watatu tunapumua.

Basi tukabaki watatu, na hapo ndipo nilipojua upande wa pili una uchungu wake pia.

Mwalimu ni mtu mwema. Anabeba risasi za 5.56 ambazo bunduki yake haitumii, kwa sababu anajua mimi zinaniishia. Ukiwa na dawa moja na yeye hana, hataiomba. Ukiwa huna, atakuwekea yake chini na kukwambia chukua mdogo wangu. Tukifungwa anasema, "Pole zenu wanangu, twende tena." Lakini Mwalimu alikuwa anafungua parachuti mapema mno, anatua mbali, tunamsubiri. Alikuwa anaona mtu aliye umbali wa mita 300 na kummiminia UMP, bunduki ya chumbani, risasi zinaishia njiani na kikosi kizima cha adui kinajua tulipo. Tulishuka. Taji ikaondoka, tukawa Almasi ya kusuasua. Siku moja alitufichua mara mbili katika mechi moja, na nilipotoa hedifoni niligundua meno yangu yanauma kwa kuyakaza. Nilichokuwa nafanya ni kumwambia, "Usijali Mwalimu." Kila siku. Nilijiona mtu mzuri, tofauti na Chuma.

Halafu nikaanza kuwakwepa. Nasema bando limeisha, halafu naingia peke yangu na watu nisiowajua. Dada wa Tanga akaniona niko mtandaoni, mimi niliyesema bando limeisha. Hakusema kitu, akanitumia tu picha ya jina langu lenye kitone cha kijani. Niliona aibu sana.

Usiku ule nilimpigia Mwalimu. "Shikamoo Mwalimu. Kuna jambo nataka kukwambia, naomba usinielewe vibaya."

"Marahaba. Sema, mdogo wangu."

Nikamwambia. UMP, mita 300, parachuti, yote. Akakaa kimya muda, nikadhani simu imekatika. Kisha akasema maneno ambayo sikuyategemea kwa mtu wa kucheka vile: "Miezi minne hii. Yule kijana kila siku ananiita boya, na wewe kila siku unaniambia usijali. Hakuna hata mmoja wenu aliyeniambia nifanye nini."

Mimi niliyejihesabu upande wa wema nilikuwa nimemnyima kitu kilekile alichonyimwa na Chuma. Yule alimtupia matusi, mimi nikamtupia huruma, na yeye akabaki na UMP yake mkononi hajui kosa liko wapi. Tena nadhani langu lilikuwa baya kwa namna yake, kwa sababu tusi angalau lilimjulisha kwamba kuna tatizo. Mimi nilimficha.

Tukaanza kuingia uwanja wa mazoezi dakika 20 kabla ya mechi, saa tatu usiku nikishafunga kibanda. Tukakubaliana neno la kurekebisha lisemwe mechi ikiisha, na liwe moja. Mtu akiwa amelala chini anavuja damu haambiwi kosa lake, anaambiwa nani anakuja kumwinua na kutoka upande gani. Hili la mwisho alilipendekeza Dada wa Tanga, na alipolisema sauti yake ilikuwa na uzito ambao mimi na Mwalimu hatukuuliza umetoka wapi.

Kupiga risasi Mwalimu hajajua hadi leo. Mkono wake hauna kasi, na ana haki ya kuwa hivyo katika umri wake. Aliacha kulazimisha. Akachagua mabomu ya moshi. Anaingia mechi na kubeba manne, matano, wakati sisi tunabeba moja. Nikiangushwa kwenye uwanja wazi, kabla sijasema neno, mwanzi mweupe wa moshi unapanda kati yangu na adui, wa pili unapanda pembeni yake, halafu namwona anakuja ameinama. Sekunde 10. Haongei. Anasubiri nisimame ndipo anasema, "Haya." Nimecheza na watu wenye ngazi za kutisha ambao hawajawahi kuniinua hata mara moja.

Na bado hatukupanda kama hadithi nzuri zinavyotaka. Misimu miwili mizima tulihangaika Almasi. Zile 4,200 sijazifikia mpaka ninapoandika, na nazitamani bado, sitasema uongo.

Chuma alinipigia siku ya Idi. Tukatakiana heri, tukaongea habari za nyumbani, ndipo akauliza, "Mwalimu mzima?" Nikajua anataka kurudi. Nikamuuliza jambo ambalo sikuwahi kumuuliza: ile namna ya kuongea aliitoa wapi. Akanieleza kuhusu banda la PlayStation alilokulia, kule uswahilini, akiwa na miaka tisa. Unalipia mechi, ukifungwa unaachia pedi na kusimama nyuma ya benchi, na wakubwa wanakusema mpaka machozi yakutoke. Ukilia husogezwi mbele tena. Ukivumilia, siku moja unamfunga mkubwa, na wewe unaanza kusema wengine. "Mimi nilifundishwa hivyo, kaka. Nilijua ndivyo watu wanavyofundishwa." Nililijua banda la namna hiyo, sote tumepita humo. Tofauti ni kwamba mimi nilikuwa naondoka mapema, sikuwa na pesa ya mechi ya pili.

Nilitaka sana aweze. Watu huweza. Desemba 2012 Riot Games, wenye mchezo wa kompyuta wa League of Legends, walimfungia mwaka mzima Christian Rivera, mchezaji wa kulipwa aliyetumia jina IWillDominate, kwa jinsi alivyokuwa anawatendea wenzake mchezoni. Adhabu ilipoisha alirudi, akacheza tena ligi kubwa kwa miaka. Nilimhadithia Chuma habari hiyo. Akasema atajaribu. Alianza kwa kumpigia simu Dada wa Tanga mwenyewe, na walichoongea hawakuniambia.

Alikaa nasi siku tisa. Zilikuwa siku nzuri, ile AKM imerudi, namba zinatajwa, tukala kuku, yaani tukashinda mechi, mara tatu. Siku ya tisa Mwalimu alirusha moshi mahali pasipo, ukamziba macho Chuma akiwa katikati ya kupigana. Tukasikia, "We mze..." Kisha maiki ikazimwa. Akaendelea kucheza kimya hadi mwisho, akatoka. Baada ya nusu saa akaniandikia: "Siwezi kaka. Linakuja lenyewe. Nitawaharibia." Nilimwomba asiondoke, maana kulimeza lile neno nusu kilikuwa kitu kikubwa kwangu. Aliondoka. Tunasalimiana bado, na nikiona jina lake limewaka kijani huwa namwandikia, wakati mwingine anajibu.

Nafasi ya nne tunawaachia wageni. Tunacheza seva ya Mashariki ya Kati, hivyo wengi wanaokuja ni Waarabu, na lugha huwa kikwazo. Dada wa Tanga, aliyesoma madrasa hadi ukubwani, ndiye aliyegundua kwamba si kikwazo kikubwa tulivyodhani. Arobaini yetu ni arbaini yao. Sitini, sabini, tisini, hata mia, mgeni anazitambua. Ishirini na thelathini zinapita kwa kulegeza ulimi kidogo. Sasa hivi anataja namba polepole, kwa namna ambayo Mbagala, Morogoro na mtu aliyekaa sijui wapi ng'ambo ya bahari tunaelewa pamoja.

Wiki iliyopita tulikuwa Rozhok, juu ya kilima, zoni inafunga. Mgeni alikuwa na Kar98k na alionekana anaijua. Mwalimu kashika moshi.

"Sitini," Dada wa Tanga akasema. Tukageuka wote. Hakuna kitu. Kisha, haraka, bila kutetemeka: "Hapana, samahani. Mia na sitini. Wawili, wanatambaa."

"Mia wa sittin," mgeni akarudia, na Kar98k ikalia.